Salamu za Fundi

Saa mbili na dakika ishirini na sita asubuhi, Jumapili moja ya kiangazi, mwendesha baiskeli aliyekuwa katikati ya mashindano alishuka, akailaza baiskeli yake kwenye majani, akaanza kusalimu watu. Niliiandika saa hiyo kabla sijaelewa ninaandika nini. Kando yangu, juu ya gogo, alikuwa ameketi mzee tuliyemwita Fundi, na midomo yake ilitikisika kidogo kama ya mtu anayehesabu. Nilikuwa nimemfahamu kwa miaka kumi na tisa. Asubuhi ile ndipo nilipojua alikuwa akihesabu nini miaka yote hiyo.

Jina lake sitaliandika. Halikutumika. Wajukuu wake walimwita Fundi, imamu alimwita Fundi, na mara moja nilimsikia mke wake akimgombeza kwa jina hilohilo. Alitengeneza magurudumu ya baiskeli nyuma ya soko la Kasongo, chini ya bati moja lililoshikiliwa na nguzo nne. Kabla ya hapo alikuwa msukumaji, kama wengi wetu: alipakia madumu ya mafuta ya mawese Kabambare, akayasukuma kwa miguu hadi Kasongo, akarudi na chumvi, sabuni na vitambaa. Anayeijua barabara ile anajua kwamba hata pikipiki huipita kwa kuomba. Yeye aliipita kwa miaka mingi akiwa ameegemea usukani mmoja na fimbo moja iliyofungwa nyuma ya kiti.

Kazi yake ilikuwa na utaratibu ambao uliwaudhi wateja wenye haraka. Ukimletea gurudumu lililopinda, alilinyoosha siku hiyo, lakini hakukupa. Alilifunga kwenye baiskeli yake, akampa mjukuu mkubwa gunia la mihogo alisukume hadi mtoni na kurudi, kisha akalitundika mpaka asubuhi. Kesho yake aligusa rayo, vile vyuma vyembamba vya gurudumu, moja moja kwa ukucha, akizisikiliza zinavyolia. Zikilia sawa, unalichukua. Zikilia ovyo, alianza upya na hakuomba feza zaidi. Mfanyabiashara mmoja wa nguo alimwambia mbele yangu kwamba gurudumu limenyooka, kila mwenye macho anaona, kwa nini asilichukue leo. Fundi hakuinua kichwa. "Leo iko imenyooka kwa sababu nimeinyoosha leo," alisema. "Kuja kesho, tutasikia kama yenyewe imekubali."

Hakujua kusoma. Nami sikumaliza shule ya msingi, lakini nilijifunza hesabu kwenye kitabu kisicho na jalada nilichonunua kwa mchele, na tangu hapo nimependa jedwali kuliko maneno. Labda ndiyo maana tulivutana. Alipenda kuniita "bwana sekretere", kwa sababu mimi ndiye mwandishi wa umoja wetu wa wasukumaji, na alikuwa akinitania kwamba hata nikila mboga ya sombe huwa nahesabu majani.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Alimtoza padri bei mara mbili, kwa maelezo kwamba padri ana parokia nzima ya kumchangia, lakini aliyejenga bati la kibanda chake upya baada ya upepo alikuwa padri huyohuyo, na Fundi, ambaye hakukosa msikiti Ijumaa hata moja, alimpelekea kuku. Alisema mashindano ya baiskeli ni mchezo wa watu walioshiba, na hakukosa hata moja. Waendeshaji waliojisifu aliwafukuza kwenye kibanda chake, ilhali yeye mwenyewe alikuwa na hadithi moja ya kujisifu, ya safari aliyovuka na pedali iliyokatika. Nilipoisikia mara ya kwanza alikuwa amebeba madumu matatu. Miaka miwili baadaye yalikuwa manne. Nilipomwonyesha kwamba nimeandika idadi zote mbili, alinitazama kwa huruma.

"Mweye mulikuwepo?" aliniuliza.

"Hapana, baba."

"Basi andika tano."

Sasa nieleze kuhusu Mzunguko. Ni mashindano ya baiskeli ya siku nane yanayozunguka jimbo, kila siku kutoka mji mmoja hadi mwingine, na kila mji unaotaka unatuma mtu wake. Sisi wa Kasongo huwa na uwezo wa kumlipia mmoja tu: nauli, matairi mawili, chakula, na mtu wa kumwangalia. Ili kumpata huyo mmoja, tunafanya mbio tatu za kujipima Jumapili tatu mfululizo. Moja inakwenda Nyangwe, na washindani wanapumzika kwa wavuvi kabla ya kugeuza. Moja inazunguka mashamba ya jirani. Ya tatu, iliyo ngumu, inakwenda Lusangi na kurudi. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye mstari wa kumalizia na saa yangu, kuandika muda wa kila mtu, kujumlisha mbio zote tatu na kuwasomea wanakomite jedwali. Aliye juu ndiye aliyekwenda.

Nilijivunia jedwali hilo. Kabla yangu walichagua kwa kelele. Lakini kwa miaka mitatu jedwali langu lilituma watu watatu kwenye Mzunguko, na hakuna aliyemaliza. Wa kwanza aliacha siku ya tano, wa pili siku ya pili. Wa tatu aliitwa Shabani, mwana wa muuza vitambaa, kijana mwembamba mwenye baiskeli nyepesi iliyoletwa na mjomba wake kutoka Bujumbura. Shabani alikuwa ameshinda Jumapili mbili kati ya tatu kwa kuwaacha wenzake mbali. Aliacha siku ya nne, akakutwa ameketi kando ya njia na viatu mkononi.

Kabla ya kumtuma Shabani, Fundi aliniomba nimsomee jedwali. Nilimsomea lote, jina kwa jina, dakika kwa dakika. Alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Umeandika muzuri," alisema. "Lakini umeandika siku moja. Kisha siku moja. Kisha siku moja."

"Ni siku tatu, baba. Nimejumlisha."

"Kati yake wamelala wiki nzima." Akafungua macho. "Uyu mutoto atafika siku ya tatu. Siku ya ine atatafuta kivuli."

Nilimwuliza amejuaje. Akanijibu kwamba nikitaka kujua nitoke kwenye kamba yangu ya kumalizia, nimfuate yeye. Sikutoka. Niliona kwamba bila mimi kwenye mstari hakuna muda ulioandikwa, na bila muda ulioandikwa hakuna ushahidi.

Nieleze pia alivyokuwa akikaa siku za mbio, kwa sababu kila mtu mjini aliliona jambo hilo na hakuna aliyelielewa. Watu wote walijipanga mbele ya mstari, kuona nani anaingia kwanza. Fundi aliketi upande wa pili, hatua kama mia mbili mbele, ameupa mstari kisogo, juu ya kreti ya chupa. Waendeshaji walipokwisha kushangiliwa walipunguza mwendo na kufika kwake, na yeye alimsalimu kila mmoja, wa kwanza hadi wa mwisho, kwa swali lilelile: "Nyumbani wako wazima?"

Kwetu swali hilo halijibiwi kwa neno moja. Ukiulizwa na mzee, unawataja watu wako: mama, baba, mke, watoto, wakwe, na kama una shamba au mbuzi, navyo pia. Ukiruka mtu, mzee atakuuliza kama amekufa. Kwa hiyo wale vijana, wakiwa wamejaa vumbi na jasho, walisimama mbele ya kreti na kutaja familia zao. Watu walisema tazama adabu ya mzee yule, hata aliyeshika mkia anamjulia hali. Katika daftari langu la mwaka wa kwanza nimeandika, kwa mkono wangu: "Fundi anasalimia waliochelewa." Nilidhani ni huruma.

Baada ya Shabani kuacha, umoja ulikaa. Mwenyekiti wetu, tunayemwita Mama Prezida, mfanyabiashara wa mawese mwenye baiskeli saba na ulimi unaokata, alisema jambo ambalo wote waliliunga mkono: tutatuma mtu mara moja zaidi. Akiacha njiani, Kasongo haitatuma tena, na feza za mchango zitatengeneza daraja la miti ambapo wasukumaji huanguka kila mvua inyeshapo. Daraja lile nalijua. Nisingeweza kubisha. Lakini nilijua pia kwamba jedwali langu ndilo lililotufikisha pale, na mwaka uliofuata, mbio ya Lusangi ilipofika, nilimwachia msaidizi wangu saa ya pili na kamba ya kumalizia, nikapanda pikipiki nyuma ya Fundi.

Tulishuka katika kijiji kidogo kabla ya Lusangi. Nilimwuliza kwa nini hapa, mlima ukiwa umekwisha nyuma na pasipo na kona. Akaniambia ninyamaze na nitazame nyumba ile yenye mlango wa buluu.

Shabani alipita wa kwanza, akiruka mashimo kama mbuzi. Wengine watano wakapita. Wa saba alikuwa Kalonda, mtu wa miaka thelathini na kitu, msukumaji wa mafuta, mwenye baiskeli nzito ileile anayofanyia kazi, ila ameondoa fimbo. Jina lake halikuwahi kuvuka nafasi ya sita katika madaftari yangu. Akiwa bado mbali na mlango wa buluu, alishuka. Ni hapo nilipoandika ile saa mbili na dakika ishirini na sita.

Mlangoni alikuwa ameketi mama wa makamo, akichambua maharage. Alikuwa mama mkwe wake. Mwanamume wa huku hapiti mbele ya mama mkwe wake akiwa juu ya baiskeli, hata kama nyumba inawaka moto nyuma yake. Kalonda alichuchumaa umbali wa heshima, akageuza uso pembeni, akapiga makofi polepole, akaanza kusalimu. Mama naye hakuwa na haraka. Alimwuliza habari za binti yake, za wajukuu, za mguu wa baba yake, za mahindi. Kalonda alijibu moja baada ya lingine, kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeamka na kunawa uso. Kisha akaaga, akatembea mpaka alipopita nyumba, akapanda. Dakika nne. Aliporudi kutoka Lusangi alishuka tena kuaga, akachukua dakika mbili nyingine.

Nilisikia haya usoni. Miaka mitatu nilikuwa nimeandika dakika hizi kama udhaifu wa miguu. Yeye hakuwahi kusema, kwa sababu hakuna mtu atakayesimama mbele ya komite na kumtaja mama mkwe kuwa ndiye aliyemchelewesha. Nikatoa kalamu nikaanza kupunguza sita kwenye muda wake. Fundi akaweka mkono juu ya daftari.

"Unafanya nini?"

"Natoa dakika za mama mukwe, baba. Atapanda mpaka wa tatu."

"Wacha dakika. Dakika haisemi kitu." Akanionyesha vidole viwili. "Amesalimu mama mukwe kwa pumzi ngapi?"

Sikuwa nimehesabu.

"Mama, watoto, mguu ya baba, mahindi. Pumzi mbili," alisema Fundi. "Na alikuwa ametoka kupanda mulima."

Kisha, tukiwa kwenye lile gogo, alinieleza yote, kwa mara ya kwanza na bila kuringa. Swali lake la nyumbani lilikuwa kipimo. Mtu akitaja watu wake, kila anapokatika ili kuvuta hewa, Fundi alikunja kidole. Aliwapima hivyo nyuma ya mstari, na akawapima tena kesho yake asubuhi, walipoleta magurudumu kibandani wakiwa wamelala na kula. Hesabu ya siku ya mbio hakuijali sana, maana siku ya mbio kila mtu anahema. Aliyoitafuta ni ya kesho yake. Mtu ambaye amelala, amekula bugali, na bado anakatika mara nne au tano akiwataja watu wa nyumba yake, huyo mwili wake bado uko barabarani. Siku moja atashinda. Siku nane hapana.

Alinitajia hesabu za wale watu wetu watatu. Hakuziandika popote. Yule aliyeacha siku ya tano alikuwa amekatika mara nne kesho yake asubuhi. Yule wa siku ya pili, mara saba. Shabani, mara tano. Nilifungua madaftari yangu kutafuta kosa, kwa sababu ndivyo nilivyo. Sikulipata. Nilikaa na kalamu mkononi, na nakumbuka nilimtazama yule mzee kama mtu anayetazama mto aliouvuka kila siku, akaambiwa leo kina chake.

"Kwa nini hukutuambia?" nilimwuliza.

"Niliwaambia Shabani ataacha siku ya ine. Mukamutuma." Akasimama kwa kujisukuma na magoti. "Na mutu akijua unamupima, anafunga pumzi. Usiandike hii mpaka nikufe."

Nimeshika ahadi hiyo. Ndiyo maana naandika sasa.

Asubuhi ya kesho yake nilikuwa kibandani kabla hajafungua. Shabani alifika na baiskeli yake nyepesi. Kumbe alikuwa ameshinda tena. Fundi alimwuliza nyumbani. Nilihesabu kwa vidole nyuma ya mgongo: mara tano. Kalonda alifika baadaye akiwa ameshasukuma madumu mawili tangu alfajiri. Aliwataja watu wake wote, mbuzi pamoja, kwa pumzi moja, kisha akauliza bei ya rayo.

Kwenye kikao nilisimama na kusema kwamba jedwali langu linamtaja Shabani, na kwamba napendekeza Kalonda. Kulikuwa na kicheko. Baba yake Shabani, ambaye alikuwa ameahidi matairi, aliuliza kama mwandishi amekula nini. Sikuweza kusema sababu, nilikuwa nimeahidi. Nilisema tu kwamba jedwali limekosea mara tatu na mimi ndiye niliyeliandika. Mama Prezida akamgeukia Fundi, aliyekaa karibu na mlango.

"Fundi, ni weye umemuroga huyu?"

"Mimi natengeneza magurudumu, mama."

"Haya. Uyu Kalonda anafika siku ya ngapi?"

"Ya nane," alisema Fundi. "Hatashinda. Atafika."

Matairi ya muuza vitambaa hayakuja. Tuliyanunua wenyewe. Kalonda alikwenda, na kila jioni nilisimama mahali pa mtandao kusubiri simu ya mtu wetu. Siku ya kwanza alikuwa wa thelathini na moja, na mjini walinizomea. Siku ya nne wa kumi na tisa. Siku ya sita wa kumi na mbili. Wengine walikuwa wakianguka mmoja mmoja na yeye akiendelea palepale, kwa mwendo uleule, yule mtu wetu alisema, kana kwamba anapeleka mafuta. Siku ya nane alimaliza wa tisa. Aliporudi, Kasongo nzima ilitoka. Fundi aliketi kwenye kreti yake, mbele zaidi ya umati, na Kalonda alipofika hapo alishuka mwenyewe kabla hajaulizwa.

Daraja la miti nalo lilitengenezwa mwaka huo, kwa kuwa watu walichanga kwa furaha. Fundi alisema kazi ya misumari ilikuwa mbaya.

Nilimwona mara ya mwisho Kabambare, kwa binti yake, kiangazi kilichopita. Alikuwa amekwenda kusalimia akaugua huko. Daktari wa pale alisema moyo umechoka, pengine hospitali kubwa inaweza kujaribu kitu. Umoja ukachanga ili kukodi gari la kumtoa. Kalonda alitoa mchango mkubwa kuliko wote, na wa pili, sikutegemea, alikuwa Shabani. Mimi nilitumwa kwa pikipiki na feza mfukoni, faranga elfu mia tatu na themanini. Nilifika mchana nikiwa na vumbi mpaka masikioni.

Alikuwa ameegemezwa mito kwenye mkeka, barazani. Alinitazama nikishuka. "Nyumbani wako wazima?" aliuliza.

Nilianza kuwataja, nikajiona ninakatika katikati ya watoto. Akakunja kidole, akatabasamu. "Mara ine. Weye haupandi kinga tena." Kinga kwake ilikuwa baiskeli.

Nikamweleza kuhusu gari, hospitali, mchango. Nikamwambia kila kitu kiko tayari, asubuhi tunaondoka. Alinisikiliza akiwa amefumba macho, kama alivyosikiliza jedwali langu zamani. Kisha akasema, "Niulize."

Nilijua anachotaka. Sikutaka. Akarudia, na huwezi kumkatalia mzee mara mbili.

"Nyumbani wako wazima, baba?"

Alimtaja mke wake, akasimama kuvuta hewa. Binti yake wa kwanza, akasimama. Wa pili. Mjukuu mkubwa, yule wa gunia la mihogo. Hakumruka mtu. Alisimama baada ya kila jina, na baadhi ya majina aliyakata katikati. Vidole vya mkono wangu wa kuume viliisha, nikaanza wa kushoto.

"Umehesabu ngapi?"

"Tisa, baba."

"Na nimelala usiku muzima. Nimekula uji." Alinyamaza mpaka hewa ikamtosha. "Sasa weye sekretere. Mutu wa pumzi tisa, unamutuma?"

Nilimbishia. Nilimwambia mtu si baiskeli, na kwamba feza hizi si za mbio. Binti yake naye alimbembeleza, akilia bila sauti. Alituacha tumalize. Kisha alisema Kalonda anaendesha tena mwaka huu, na gurudumu lake la nyuma limechoka. Yeye mwenyewe alilisikia mwezi uliopita, rayo tatu zinalia ovyo. Anunuliwe jipya kwa feza hizi, na lisitumiwe siku ileile.

Nilikaa naye mpaka jua likapungua. Alinisimulia safari ya pedali iliyokatika, kipande kwa kipande, na safari hii madumu yalikuwa sita. Niliandika sita.

Kesho yake nilirudi Kasongo peke yangu na feza zilezile. Mama Prezida alizihesabu mbele ya wote, mara mbili, kwa sababu ndiyo desturi ya umoja wetu, akanipa nisome kwa sauti: faranga elfu mia tatu na themanini, kamili.